Biblia ya baba imejaa penseli. Yangu iko kwenye simu. Wanangu watarithi nini?

Mwana wa Mporoto (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Na ambao si wa kanisani, habari za jioni, karibuni pia.

Jambo hili ninalo moyoni tangu mwezi wa sita mwaka jana tulipomzika baba kule Rungwe. Alikuwa mwinjilisti wa Moravian kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye ushirika mdogo wa mlimani ambako mchungaji hufika mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote mwinjilisti ndiye anayehubiri, anayezika, anayefundisha kwaya na anayepatanisha waliogombania mpaka wa migomba. Tulipoanua tanga, mdogo wangu alichukua baiskeli na koti la mvua. Mimi nikapewa Biblia na kitabu cha nyimbo.

Biblia ni Union Version, tafsiri ile ya 1952, jalada jeusi, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nilitegemea kukuta mistari imepigiwa wino mwekundu kama wengi wetu tunavyofanya. Nikakuta maisha yake yote yameandikwa humo kwa penseli, herufi ndogo ndogo, pembeni mwa aya.

Malaki 3:10, penye habari ya zaka, ameandika: "Kahawa kilo 42. Fungu kilo 4 na robo." Chini yake, mwaka mwingine: "Kilo 17. Tumetoa." Zaburi ya 65, pale penye "Umeijilia nchi na kuisitawisha", pembeni yake: "Mvua 9/12. Tulishakata tamaa." Mnaoijua Rungwe mnaelewa maana ya mvua kuchelewa hadi Desemba, kwetu ambako watu wamezoea kulalamika kwamba imezidi.

Luka 24 ina Pasaka zake karibu zote. Sisi Wamoravian siku ya Pasaka tunaamkia makaburini kabla jua halijachomoza, desturi iliyoanza Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1732. Baba ameweka mwaka, kisha maneno machache: "Ukungu. Tarumbeta 5." "Tarumbeta 3, mbili mbovu." "Mvua kubwa, hakuna aliyeondoka."

Halafu 1 Samweli 1:27, "Naliomba nipewe mtoto huyu". Hapo pana tarehe tatu. Mbili zina msalaba mdogo. Ya tatu ni 14/7/1986, siku niliyozaliwa mimi. Nilikuwa najua kuwa niliwahi kuwa na kaka aliyefariki akiwa mchanga. Sikujua kuwa walikuwa wawili. Miaka yangu yote nimeishi bila kujua, na habari yenyewe ilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka nilipokuwa nalala.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mimi nasoma Neno kwenye simu tangu 2014. Naishi Uyole, nina duka la pembejeo, na simu ninayo mkononi kutwa nzima. Neno la siku linanifikia saa kumi na moja alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la ushirika kabla sijafungua mlango. Siichukii hata kidogo. Na kwa historia yetu sioni namna Mmoravian anavyoweza kuchukia chombo kipya kwa sababu tu ni kipya: hayo maneno ya kila siku yanachapwa mwaka hadi mwaka tangu 1731, na wamisionari waliofika Unyakyusa 1891 walikuja na vitabu na nyimbo, vitu ambavyo kwa wazee wetu vilikuwa vigeni kuliko simu ilivyo kwetu.

Ila nimefungua programu yangu ya Biblia nikatazama alama nilizoweka kwa miaka yote hiyo. Rangi ya njano. Rangi ya kijani. Sijui niliweka lini wala nilikuwa napitia nini. Mwaka 2019 mke wangu alilazwa wiki tatu na niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani, na simu yangu haina hata neno moja la wiki zile. Nina watoto wawili, wa miaka 12 na 9. Siku nikiondoka watakuta akaunti yenye nywila.

Naomba mnisaidie mawazo. Nyie mnafanyaje?

Na jambo la pili. Kwenye kurasa tupu za mwisho za kitabu cha nyimbo, baba ameandika mistari ya herufi ambayo sielewi. Juu kabisa ameandika "Doh G". Chini kuna kitu kama hiki: s : s : l | s : – : m | na kuendelea, mistari minne. Chini yake maneno ya Kinyakyusa, ubeti mmoja, neno Kyala, yaani Mungu, limo mara tatu. Picha nimeweka. Kuna anayejua kusoma hii?

---

Mzee wa Isangati

Pole sana, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu.

Mimi ni mzee wa kanisa na nilikuwa napinga simu ibadani, sitaficha. Kijana anashika simu, unadhani yuko Warumi, kumbe yuko kwenye matokeo ya mpira. Hilo bado linanisumbua.

Lakini nina bibi yenu hapa nyumbani. Yeye ni Msafwa wa milimani kabisa, Kiswahili anakisikia lakini si cha kukililia. Mbeya pana watafsiri wanaofanya kazi ya Maandiko kwa lugha za huku tangu 2003: Kisafwa, Kimalila, Kinyiha, Kindali, Kisangu, Kibena, Kikinga, Kivwanji na nyingine. Mjukuu akaja na simu, akamwekea Injili inasomwa kwa Kisafwa. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Akaacha. Akauliza, "Huyo ni nani anayeongea?" Akaambiwa ni Neno. Akasema, "Kumbe anakijua Kisafwa." Tangu siku hiyo kelele zangu za simu nimezipunguza.

Hiyo habari ya kaka zako wawili, kamwulize mama yako taratibu. Usimwulize mbele za watu.

---

Fundi Spika Mwanjelwa

Mkuu, pole kwa msiba. Kabla ya mengine yote, hiyo Biblia ipige picha mapema. Penseli inafutika kwa kushikwashikwa, na kwa unyevu wa Tukuyu karatasi haichelewi kuota ukungu.

Piga mchana, karibu na dirisha, bila flashi, maana penseli inang'aa na herufi zinapotea. Simu iwe juu sawasawa na ukurasa, usiinamishe. Kila picha ipe jina la kitabu na sura, mfano Zaburi-065, la sivyo utakuwa na picha elfu moja na hutajua ipi ni ipi. Weka nakala kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nyingine mtandaoni. Memori kadi usiitegemee peke yake. Mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya yetu, na kwa kadi moja iliyokufa nimepoteza rekodi za mwaka mzima, zikiwemo za waimbaji wawili ambao leo hawapo. Hilo sitaki limpate mtu mwingine.

---

Dada wa Kihesa

Kamwene. Nimesoma uzi huu kwa masikio na umenigusa, ila kuna mahali naomba kukusahihisha, kaka.

Mimi sioni tangu nina miaka sita. Shuleni nilijifunza nukta nundu. Biblia nzima ya nukta nundu ni rafu nzima ya vitabu vikubwa. Ukitaka kwenda nayo ibadani unachagua: leo nibebe Isaya au nibebe Mathayo? Nikiwa msichana nilikuwa nasomewa, na anayekusomea ndiye anayekuchagulia. Akichoka, umemaliza. Kuna aya ambazo watu hawapendi kumsomea mtu asiyeona, hasa zile za vipofu kuponywa. Wanaziruka kwa huruma. Mimi nilitaka kuzisikia.

Nilipopata simu yenye TalkBack, inayosoma kila kilicho kwenye skrini, ndipo nilipofungua Yohana 9 mwenyewe, saa sita usiku, peke yangu chumbani, nikaisoma mara nne. Hakuna aliyejua ninasoma nini. Wewe ulikuwa na faragha hiyo tangu ulipojua kusoma. Mimi niliipata nikiwa na miaka 31.

Kwa hiyo ukisema simu haina alama, hapana. Alama inawekwa na mwenye kusoma. Mimi nikimaliza sura narekodi sauti, dakika moja au mbili, nataja tarehe na kilichonipata. Ninazo zaidi ya mia nne. Wanangu watanisikia mimi mwenyewe, hata mvua ya siku hiyo juu ya bati wataisikia.

---

Mwana wa Mporoto

Dada wa Kihesa, nimekaa na maneno yako siku mbili kabla ya kujibu. Umenisahihisha kweli. Penseli nayo ingelala bila kazi kama baba asingeichukua. Nilikuwa nailaumu simu kwa uvivu wangu.

Jana usiku nimerekodi ya kwanza, Zaburi ya 90. Nimezungumzia zile wiki tatu za 2019. Nilidhani nimesahau.

---

Mwalimu wa Nota, Mafinga

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nafundisha kwaya ya parokia, lakini mambo haya hayana dhehebu.

Ndugu, hizo herufi ni tonic sol-fa. Wazee wengi wa kwaya Nyanda za Juu walijifunza hiyo. Ilianzia Uingereza, John Curwen aliieneza katika karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover. Wamisionari waliipenda kwa sababu haihitaji ile mistari mitano wala vichwa vya nota. Herufi za kawaida zinatosha, kwa hiyo mashine yoyote ya chapa inaweza kuzichapa, na mwinjilisti mwenye penseli anaweza kuziandika usiku kwa mwanga wa kibatari.

Inasomwa hivi. d ni doh, r ni re, m ni mi, halafu f, s, l, t. Nukta mbili zinatenganisha mapigo. Kistari kina maana ya kuendelea kushika sauti uliyokuwa nayo. Kijiti cha wima kinafunga fungu la mapigo, na baba yako ana mapigo matatu kila fungu, kwa hiyo wimbo unabembea, si wa kutembea. "Doh G" ni ufunguo: doh yako iweke kwenye G ya kinanda.

Nimeuimba hapa mezani mara tatu. Mstari wa kwanza unaanza na s, unakaa hapo hapo, unapanda l na kurudi. Mstari wa nne unaishia s. Sauti ya kwanza kwa kawaida hurudi nyumbani kwa doh, na besi vilevile. Huu haurudi. Tena nimevuta picha yako nikaona pembeni kuna herufi T iliyofifia. Ndugu, hii si tuni ya wimbo. Ni sauti ya tatu peke yake, ile tunayoiita tena (tenor). Baba yako alikuwa anaimba tena?

---

Mwana wa Mporoto

Mwalimu, mwili umenisisimka. Ndiyo. Maisha yake yote alisimama mstari wa tena, mkono wa kushoto karibu na dirisha.

---

Mwalimu wa Nota, Mafinga

Basi aliandika sehemu yake, kwa sababu nyingine zilikuwa na wenyewe. Siku hizi nikiwapa vijana wimbo kwa nota, nusu wananiomba niwatumie sauti kwenye simu wausikilize. Siwakatazi. Na sisi tuna tovuti ya Swahili Music Notes ambako watunzi wanaweka kazi zao, kwaya ya Songea inachukua wimbo wa mtunzi wa Mwanza jioni hiyo hiyo. Zamani karatasi hiyo ingesafiri mwezi mzima kwenye basi na ifike imelowa. Lakini mtu anayejifunza kwa kusikiliza rekodi anabeba sauti zote nne zikiwa zimechanganyika, na ukimtenga peke yake anahamia sauti ya kwanza bila kujijua. Baba yako alikuwa na yake, akaijua, akaiandika.

Tafuta sauti tatu zilizobaki. Ziko vifuani mwa watu. Fanya haraka.

---

Fundi Spika Mwanjelwa

Ukienda kurekodi: simu usiishike mkononi, iweke juu ya kitambaa, kama mita moja kutoka kwa mwimbaji. Ifunge isipokee simu. Na usirekodi mvua ikinyesha juu ya bati, utapata bati tupu.

---

Mwana wa Mporoto

Wakuu, nimerudi kutoka Rungwe. Samahani kwa ukimya wa wiki tatu.

Nilimwuliza mama kwanza habari ya kaka zangu, kama Mzee wa Isangati alivyonielekeza, tukiwa wawili jikoni. Alinyamaza muda mrefu akisukuma kuni. Kisha akanitajia majina yao. Hayo nitabaki nayo mimi.

Kesho yake nikamwonyesha ukurasa. Mama hajui sol-fa, ila aliposoma maneno ya Kinyakyusa alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga. Wimbo huo hawakufundishwa na mtu. Waliutunga wenyewe wakati wa kujenga kanisa, walipokuwa wakibeba mawe kutoka mtoni, wanawake kichwani, wanaume begani. Ndiyo maana ni ubeti mmoja. Unaurudia mpaka ufike juu.

Mama ni alto. Nikaweka simu juu ya kitambaa, mita moja, nikamwambia aimbe. Hakuweza. Akafungua mdomo, akafunga. Akasema, "Alto haianzi peke yake, baba. Nianzishie." Mimi sauti ya kwanza siijui. Basi akaianza yeye kwa kuvumisha tu, mdomo umefungwa, hadi mwisho, kisha akarudi mwanzo na kuingia kwenye yake bila kukosea hata pigo moja. Mvua ilikuja mara mbili tukasubiri. Mara ya tatu tukaipata. Kwa hiyo sasa nina ya kwanza kwa mvumo, ya pili kwa maneno, na ya tatu kwa penseli.

Imebaki besi. Mama anasema wa mwisho aliye hai alihamia Kyela kwa mwanawe na masikio yake yameziba. Ninaenda Jumamosi.

Mwalimu, ndaga fijo. Dada wa Kihesa, sauti ya mama nimekutumia, usikilize usiku.

---

Dada wa Kihesa

Nimesikiliza. Mwishoni, baada ya wimbo, mama anasema kitu kwa Kinyakyusa kabla hujazima. Usikikate kipande hicho.

---

Mwana wa Mporoto

Nimetoka Kyela jana usiku.

Mzee ana miaka zaidi ya themanini. Nilimwekea simu sikioni, sauti ya juu kabisa. Akatikisa kichwa. Nikaunganisha spika ndogo niliyokwenda nayo. Akatikisa kichwa tena, akatabasamu kwa kunionea huruma. Mwanawe alimpigia kelele sikioni kwamba mimi ni mtoto wa mwinjilisti, wa kwaya ile ya mawe. Hakusikia.

Nikatoa kitabu cha baba, nikafungua ukurasa wa mwisho.

Alikishika kwa mikono miwili akakisogeza mwangani. Kidole kikaanza kutembea chini ya herufi, kikasimama, kikaenda, kikasimama. Kumbe anahesabu mapigo. Alipofika mwisho wa mstari wa nne aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza, akataja jina la baba. Kisha akanyoosha mkono kuomba penseli. Nilikuwa na kalamu ya wino tu. Mjukuu akakimbia kuleta ya shule.

Aliandika chini ya mstari wa tena, taratibu, akiimba kwa sauti ambayo yeye mwenyewe haisikii. Herufi B ameiweka pembeni, sambamba kabisa na ile T. Picha hii hapa. Imetikisika kidogo, mkono ni wangu.

---

Mwalimu wa Nota, Mafinga

Nimezipanga zote nne usiku huu. Zinakaa. Ila mstari wa tatu, pigo la pili, tena na besi zinagongana: sijui kama mzee ameandika r au m. Wewe usirekebishe, na mimi sitarekebisha. Mpelekee mwanawe picha kwenye simu aikuze, aweke kidole hapo, mzee aseme mwenyewe.